Habari za Babu Idarous

Kiwanda cha magari cha Longbridge, huko ughaibuni, kilipofungwa, Hafidh alirudi nyumbani akiwa hana kazi wala shughuli, na ndipo alipoanza kuichimba habari ya kikosi cha reli. Alimpata mwenziwe, Ranvir, Singasinga wa mtaa wa Handsworth aliyezaliwa Nairobi. Wazee hao wawili walikuwa wakikaa sebuleni kwa Ranvir wakizungumza Kiswahili mpaka chai ikapoa, huku wake zao wakiwacheka kwamba vita vyao haviishi.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Vita vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani walikuwa wakivuka mpaka kuja kufukia baruti chini ya reli iendayo Mombasa. Wafanyakazi wa reli, Wazungu kwa Wahindi, wakajitolea, wakapewa bunduki wailinde njia yao wenyewe. Babu yake Ranvir, fundi wa mitambo, alikuwa mmoja wao. Babu Idarous, babu yake Hafidh, hakupewa bunduki wala hakuitwa askari. Kazi yake ilikuwa kutia kuni kwenye tanuri la injini, na kikosi kilipokwenda, naye alikwenda. Siku moja, mbele kidogo ya Voi, injini yao ikakanyaga baruti. Fundi alitoka na uso ulioungua. Babu Idarous hakurudi Mombasa.

Hafidh aliisimulia habari hiyo kwa miaka mingi. Kisha akili ikaanza kumtoka. Alilisahau jina la marehemu mkewe, akapotea njia katika mtaa wake mwenyewe, hata watoto wake wakampeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee.

Mwanamize, dada yake mdogo, alikuwa akipanda basi kutoka Balsall Heath kila Jumanne kwenda kumtazama. Hakuwa na la kuzungumza naye ila lile alilolipenda. Basi yeye ndiye aliyekuwa akisimulia sasa, na Hafidh akisikiliza kama mtu asiyepata kuisikia habari ile maishani mwake.

"Na babu je?" huuliza. "Alirudi?"

"Hakurudi, kaka. Alifia kazini."

Hapo Hafidh huangua kilio, kilio cha mtu aliyebishiwa hodi akaletewa tanzia. Jumanne nyingine ni vilevile. Mwanamize alikuwa amemzika mume na dada, lakini hakupata kutangaza msiba mmoja mara nyingi namna ile. Alikuwa akirudi nyumbani asiweze hata kupika.

Jumanne moja ya mvua moyo wake ukakataa.

"Alirudi?" Hafidh aliuliza.

"Alirudi, kaka."

Uso wa mzee ukachangamka. "Yuwaja lini hapa?"

"Yuwaja," alisema Mwanamize, akainama kumfunga vifungo vya shati ili wasitazamane.

Wiki iliyofuata, Saido, binti wa Kisomali aliyekulia Garissa na aliyekuwa akiwahudumia wazee pale, alimzuia mlangoni.

"Mama, tangu ukuje hiyo siku hataki kulala. Anavaa koti asubuhi, anakaa kwa dirisha. Lunch hakuli, anasema ni ya mgeni. Ni mgeni gani?"

Mwanamize alimkuta amevaa koti na kofia, sahani ya chakula imefunikwa kwa kitambaa pembeni yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Mwanamize, mbona treni yachelewa?"

Baba yao aliwahi kuwaambia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimchukua stesheni ya Mombasa kumpokea baba yake, Babu Idarous, wanasimama hata abiria wote wakaisha kushuka. Sasa kaka yake anangoja vilevile, na aliyemngojesha ni yeye.

Alimpigia simu Ranvir, akamweleza akilia. Ranvir alikuja na mkongojo wake, akaketi karibu na Hafidh, akamshika mkono.

"Hafidh bhai, babu yako haji. Babu yangu alimzika yeye mwenyewe, kando ya reli. Walichimba yeye na wenzake wawili. Hakujua dua ya Kiislamu hata moja, kwa hivyo alisimama kimya tu, kisha wakaitwa kwenye treni."

Hafidh alimgeukia dada yake. "Hakusomewa?"

"Hakusomewa," alijibu Mwanamize. "Nilikudanganya, kaka. Nisamehe."

Mara hii hakulia. Alivua koti, akamkabidhi dada yake, akauliza kibla ni wapi. Kisha akaanza Yasin. Mtu asiyelijua jina la mkewe aliisoma sura yote, aya kwa aya, bila kukwama. Mwanamize akawa anaitikia dua, koti limekumbatiwa kifuani. Ranvir aliinamisha kichwa, machozi yakimdondokea ndevuni. Saido alikuwa amesimama mlangoni, trei mkononi, naye akaitikia amina.

Jioni ile Hafidh alikula. Tangu hapo hakumuulizia tena babu, na muda si muda akawa hamuulizii mtu yeyote. Mwanamize alikuwa akija, anasimulia, anajibiwa kwa macho yaliyotulia tu. Akajikuta anatamani angalau lile swali.

Hafidh alifariki mwezi wa Februari. Baada ya maziko, Ranvir alialikwa kuzungumza juu ya kikosi kile katika ukumbi mmoja wa Soho Road. Watu waliuliza juu ya bunduki, wakauliza juu ya nishani. Alipofika kwenye habari ya Babu Idarous alikoma, akamtazama Mwanamize aliyekuwa safu ya mbele.

"Endelea wewe, dada."

Mwanamize alisimama. Alitaja jina la babu yake, akataja na la kaka yake. Aliketi, akajifunika uso kwa mtandio, na ukumbi mzima ukamngoja aendelee.