Vizibo vya Babu Mulenga

Babu yangu Mulenga alifariki Oktoba 1991, wiki ile askari walipovunja maduka ya Lubumbashi. Alikuwa fundi wa reli. Kila jioni alipiga likembe, kinanda kidogo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, alilolifunga vizibo vya chupa ili vyuma vyake vivume kama nyuki. Kwetu matanga hayamalizwi kabla marehemu hajasikika, na mapigo yake ya likembe yalikuwa kwenye kanda moja tu. Kanda hiyo alikuwa nayo Gérard, mkubwa wetu wa mtaani tuliyemwita yaya, yaani kaka.

Gérard alirudi kutoka Ubelgiji na kompyuta, pamoja na cheo alichojipa mwenyewe: mtunzi na mtafiti wa programu za muziki. Aliazima kanda, akaazima na likembe lenyewe. Babu alimwamini, aliheshimu mno watu waliosoma.

Nilimkuta ameziba mlango kwa kabati; alilisogeza kidogo nikapenya. Mtaa mzima ulikuwa ukibeba magodoro na friji kutoka madukani, yeye alikuwa akilinda mashine inayolia tiit, tiit.

"Yaya Gérard, kambo Mulenga alikufa. Nilikuya kubeba kanda."

"Pole, mudogo wangu. Sikiliza kwanza. Niliisafisha."

Akabonyeza. Zikatoka noti kavu, moja moja, kama vijiko vinavyopangwa kabatini.

"Na ile kuvuma iko wapi?"

"Ile ilikuwa bruit, makelele tu. Programu yangu iliitosha yote, haikubakia hata kidogo."

"Na kanda ya kwanza?"

"Ni hii hii. Nilirekodi juu yake."

"Kambo alitafuta vile vizibo mwaka muzima. Weye ulisoma miaka sita juu ya kuvitosha."

"Ku Ulaya hawakubali instrument yenye kuvuma."

"Ku Ulaya njo banalia kilio cha kambo?"

Likembe lilikuwa mezani, uchi. Vizibo vyake vinne vilikuwa kwenye kisahani cha majivu, chini ya vipande vya sigara. Nilivichukua vyote, na likembe, nikamwachia zile noti zake za vijiko.

Mama yangu Albertine alivifunga upya kwa waya. Anajua wimbo mmoja, tena nusu. Alipopiga mbele ya wafiwa, likembe lilivuma. Mzee Clovis, aliyefanya kazi na babu, akainua kichwa.

"Aya, Mulenga," alisema polepole. "Sasa unaweza kwenda."

Gérard naye alikuwa amekuja matangani, amesimama kando ya ukuta. Akanisogelea, akauliza kama angeweza kurekodi.

Nikampa sinia la vikombe vichafu. Kusafisha anajua.