Mfuko Namba Kumi na Tisa

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nikinunua kitambaa nakipima tena nyumbani, na fundi bomba akiniambia amemaliza, nafungua maji mbele yake kabla hajafunga begi lake. Kiwandani wananiita Jicho. Tunashona sare za wanafunzi, wauguzi na walinzi, na kwa miaka tisa hakuna nguo iliyotoka bila kupita mikononi mwangu. Mshono ukipinda naujua hata miwani sijavaa.

Ndiyo maana Bosi alinipa mimi kazi ya kuwapima wanaoomba kazi. Utaratibu niliutunga mwenyewe, na niseme ukweli, nilijivunia. Mwombaji anapewa namba na Karani, anakaa kwenye cherehani, anashona mfuko mmoja wa shati juu ya kipande cha kitambaa. Karani analeta mifuko yote chumbani kwangu ikiwa na namba tu. Sijui nani mwanamke, nani mzee, nani mtoto wa nani. Niliweka hata sharti la kimya: ukishakaa kwenye cherehani huruhusiwi kuuliza chochote, nisije nikasikia sauti ninayoijua kupitia dirishani. Aliyeshona vizuri anaingia kazini, aliyeshona vibaya anarudi kwao, na ukishindwa mara tatu huji tena.

"Hapa kazi ndiyo inayosema," Bosi alipenda kuwaambia wageni, mkono wake begani kwangu. "Hatujui mjomba wala shangazi."

Mwaka huu ikaja sheria mpya. Mwajiri asimbague mtu kwa alikotoka, jinsia, umri wala ulemavu. Kazi za majaribio zilizokataliwa zitunzwe mwaka mzima, na kila aliyekataliwa aandikiwe sababu kwenye fomu, halafu aliyempima atie sahihi. Bosi alizipokea zile fomu kama mtu aliyeletewa bili ya jirani.

"Sasa niambie," alinifokea utadhani sheria nimeitunga mimi. "Tunachukua wanaoweza, tunawaacha wasioweza. Wanataka kutukinga na nini hapo?"

Nilikubaliana naye kabisa. Niliona ni watu wa ofisini wanatafuta kitu cha kugonga mihuri.

Lakini kulikuwa na jambo linanikereketa, na nikishakereketwa silali. Kiwandani tulikuwa watu arobaini na sita, na hata mmoja hakutoka ng'ambo ya reli. Ng'ambo ya reli ndiko wanakoishi nusu ya watu wa mji huu. Wanakuja kuomba kazi kila tunapotangaza, wanajaza benchi zima la mapokezi, halafu orodha ikibandikwa mlangoni hakuna jina lao. Mara moja ningesema bahati mbaya. Mara zote? Nikasema hapa kuna mkono wa mtu.

Na jambo lenyewe lilikuwa limeshaingia ndani kwangu. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alifiwa na mumewe mwaka jana akaja kukaa kwetu na binti yake. Amekulia ng'ambo ya reli, huko huko alikokulia mume wangu. Wanalala sebuleni, na asubuhi anakunja godoro mapema utadhani ameliiba. Anashona vizuri, majirani wote wanamletea nguo. Ameshajaribu kiwandani mara mbili, mara mbili amekosa, na ya tatu ilikuwa Ijumaa hii. Akikosa hii basi, atarudi kwa mama yake na mtoto ataacha shule.

Mume wangu hakusema kitu, ila alianza kula akiangalia sahani tu. Mama mkwe yeye alisema. Alinipigia simu, akaniuliza kwa upole ule unaochoma, "Mwanangu, hivi huwa unaangalia mifuko, au unaangalia watu?"

Nilimjibu kwa heshima, halafu nikaenda bafuni nikalia kwa hasira. Mimi! Mimi niliyepiga marufuku habari za kiwandani kuzungumzwa nyumbani kwangu, ili wifi asinufaike hata kwa neno moja!

Basi nikaanza kuchunguza. Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Karani. Ni yeye anayegawa namba, ni yeye anayefunga majina kwenye bahasha, ni yeye anayebandika orodha. Mtu mpole kupita kiasi, anayekusalimia mara mbili kwa siku moja. Wa pili alikuwa Bosi mwenyewe, maana orodha huwa inapita mezani kwake kabla ya kufika mlangoni, na sijawahi kuona anaisoma kwa sauti.

Ijumaa nikawawekea mtego. Karani alipoleta mifuko ishirini na miwili, nilimwambia aniachie na bahasha ya majina, ikiwa bado imefungwa kwa gundi.

"Leo orodha nitaibandika mwenyewe," nikasema.

Alinitazama, akatazama bahasha. "Kuna tatizo, dada?"

"Kama kuna, tutaliona."

Nilipima mifuko kwa saa mbili, nikachagua sita bora, nikafungia kila kitu kabatini na ufunguo nikaenda nao nyumbani. Nikajiambia, sasa tuone huyo mchawi atapitia wapi.

Jumamosi asubuhi nikakaa kujaza zile fomu za serikali. Fomu kumi na sita za waliokosa, kila moja na kisanduku kimeandikwa "Sababu". Mfuko wa kwanza, nikaandika: mshono umepinda. Wa pili: ncha za uzi zimefungwa fundo. Wa tatu: pembe hazilingani. Wa nne: fundo. Wa tano: fundo. Nikaendelea, namlaani aliyetunga fomu, mpaka nikamaliza. Kisha nikazipanga ili nizipeleke, nikahesabu zile zenye neno moja. Fundo, mara kumi na moja.

Kwa asiyejua ushonaji nieleze. Mshono ukifika mwisho lazima uufungie usifumuke. Cherehani zetu zina kimkono pembeni. Ukikibonyeza, sindano inarudi nyuma mishono mitatu na kazi imekwisha. Chuoni tulifundishwa hivyo, na mwalimu wetu akiona fundo la kufunga kwa vidole alikuwa analikata kwa mkasi bila kusema neno. Kwangu fundo lilikuwa uchafu. Nikiliona tu nyuma ya mfuko, nausukuma upande wa kushoto wa meza, sipotezi hata dakika kuangalia mbele.

Nikafungua bahasha. Majina yalikuwa na mitaa. Nikachukua kalamu, nikaanza kulinganisha namba na majina. Mafundo kumi na moja. Kumi walitoka ng'ambo ya reli. Wa kumi na moja alitoka kijiji ambacho hata umeme hakijapata. Na namba kumi na tisa alikuwa wifi yangu.

Hakuna aliyegusa ile mifuko zaidi yangu. Ufunguo nililala nao.

Nikaikumbuka cherehani ya mama mkwe, ile nyeusi ya kuzungusha kwa mkono, ambayo nusu ya mtaa wake wamejifunzia. Ile haina kimkono. Inakwenda mbele tu, na ukifika mwisho unavuta nyuzi mbili unafunga kwa vidole. Hawana namna nyingine.

Nikauchukua mfuko namba kumi na tisa, nikaugeuza, na kwa mara ya kwanza nikautazama mbele. Mshono ulikuwa umenyooka kuliko wa watatu kati ya wale sita niliowachagua. Nikaushika nikauvuta kwa nguvu zangu zote, kwa hasira, nikitaka fundo liachie ili niwe sahihi. Kitambaa kikachanika. Fundo halikuachia.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Bosi akaingia bila kugonga. "Orodha iko wapi? Saa sita hiyo."

Nikamweleza yote, nikamwonyesha fomu, mitaa, na mfuko uliochanika. Nilimkazia macho usoni. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kiwango ni kiwango," alisema.

"Kiwango hiki nilikiweka mimi, Bosi. Na nimekosea. Sare inataka mshono usifumuke, basi. Kubonyeza kile kimkono unamfundisha mtu kwa dakika mbili."

"Ulikuwa unajua haya?" nikamuuliza alipousukuma ule mfuko pembeni.

"Mimi sijui hata kutunga uzi kwenye sindano. Nilikuamini wewe." Akakaa kwenye ukingo wa meza, sauti ikawa laini. "Sikiliza, mama. Orodha zote za nyuma zina sahihi yako, hakuna hata moja yenye yangu. Afisa kazi akianza kuuliza, ataanza na nani? Andika 'hakufikia kiwango' kwenye zote, tumalize. Mwakani tutaangalia."

Alipotoka nilikaa nikitazama mlango. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua. Labda aliona tu kwamba wafanyakazi wanaelewana, wanatoka upande mmoja, hakuna maneno, akaona si kazi yake kuuliza. Mimi ninayeshuku hadi chenji ya chumvi, kwa miaka tisa sikuwahi kujishuku mwenyewe. Na ile sheria niliyoicheka haikunikamata wala kunishtaki. Iliniuliza tu sababu, nikajibu kwa mkono wangu.

Niliogopa, sitaki kudanganya. Unga ungemwagika, na nyumbani, pamoja na watoto, tulikuwa watu sita. Nikachukua fomu kumi na moja, nikalifuta neno "fundo", nikaandika: "Kosa ni la mpimaji, si la mshonaji. Apimwe upya." Nikatia sahihi kila moja, nikampelekea Karani agonge muhuri wa kupokelewa.

Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akagonga zote bila haraka.

"Nilidhani unanishuku mimi," akasema.

"Nilikushuku."

"Najua. Ulinipokonya bahasha kama mwizi." Akanirudishia nakala zangu. "Hizi zishike mwenyewe, dada. Usiziache humu ndani."

Nyumbani nilimkuta wifi mezani, anapinda suruali ya jirani kwa mkono. Aliponitazama usoni, akaweka sindano chini.

"Nimekosa tena," akasema.

"Hukukosa. Mimi ndiye niliyekukosesha. Mara zote tatu."

Nikamweleza. Alisikiliza akivuta uzi kwenye kidole, anauzungusha, anaufungua. Nilitarajia alie au anitukane, na ningeshukuru kwa lolote.

"Kile kimkono nilikiona," akasema hatimaye. "Kila mara nilikiona. Nikajiuliza ni cha nini, lakini mlisema tusiulize."

"Si ungeniuliza hapa nyumbani, wifi?"

"Ulikataza."

Kutoka sebuleni nilimsikia binti yake anasoma kwa sauti kitabu cha shule, anarudia sentensi moja.

"Utapimwa upya," nikasema. "Nimeshaandika. Nikifukuzwa nifukuzwe, muhuri umegongwa, hawawezi kukukataa."

Hakuwa na furaha niliyoitarajia.

"Mimi nimejua kwa sababu nakaa kwako," akasema. "Na hao wengine? Miaka yote hiyo, waliorudi nyumbani wakajiambia hawajui kushona? Mama yangu aliuza ile cherehani mwezi uliopita, wifi. Alisema kumbe alikuwa anatufundisha vibaya."