Yuka Niliyofunika

"Nilikuambia usiiguse, Jeremy. Nilikuambia mara ngapi?"

Nikamjibu Mzee, baba yangu, nikipiga kelele kumshinda. Nikamwambia sikukaa kwa basi masaa kumi na mbili kutoka Riyadh kuja Jeddah kutukanwa juu ya mmea. Elphas, anayeishi na Mzee hiyo chumba ya Kandara, mtaa wa hapo Jeddah, akachukua taulo akasema anaenda kuoga. Na alikuwa ametoka kuoga saa hiyo hiyo.

Story ni hivi. Mzee alitunza bustani ya bosi Riyadh miaka tisa. Bosi akamleta Jeddah awe dereva, na mimi nilipomaliza Form Four nikaletwa nishike ile kazi yake. Aliniachia maagizo mob, lakini kubwa ilikuwa ya yuka moja kando ya ukuta, majani kama visu. Ati hiyo ni aina ya kuvumilia baridi, hata barafu haiiui. Inauliwa na maji. Baridi ikija, niiache vile iko.

Sasa January ikaja na baridi ya kuuma masikio. Na sisi ni watu wa Kinangop. Huko barafu inachoma viazi usiku mmoja tu, so mtu hufunika miche yake. Nikaionea huruma. Nikaizungushia nailoni, nikaifunga kama mtoto, asubuhi naimwagia maji ya vuguvugu. Kufungua baada ya wiki tatu, katikati imekuwa uji, inanuka. Madam, bibi ya bosi, akasema halas, imeisha, toa. Nikatoa.

"Na mizizi?" Mzee akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mizizi uliacha? Hiyo huchipuka tena."

"Nilichimba yote. Wakamwaga simiti."

Akakaa kitandani. Nikamwambia si ni mmea tu, nitanunua ingine, ziko kibao. Ndio akaniuliza kama nakumbuka siku tulizika Mama.

Nitasahau aje? MC aliita mume wa marehemu aje apande ua la kwanza kwa kaburi. Anko Jackton akainama akapanda kwa niaba yake, juu Mzee alikuwa huku Saudia, na kafili, yaani huyo bosi mwenye kushika karatasi zake, alikuwa amekataa kumpa ruhusa ya kusafiri.

"Mimi nilikuwa kwa simu," Mzee akasema. "Dada yako Beverly alikuwa ameishika juu ndio nione. MC akaniita, nikaitika. Nilikuwa na hiyo yuka kwa mkono. Nikaipanda."

Nikamuuliza mbona hakuwahi niambia. Akasema hakutaka nijue alilia kwa bustani ya mtu.

"Pole, Baba."

Akatingisha kichwa, akaniambia niende stendi mapema, basi hujaa. Nilivaa bag pole pole nikingoja aseme kitu kingine, hata matusi. Alikuwa anaangalia viganja vyake. Nikatoka, nikafunga mlango.