Sentimita Kumi za Mzee Randa

Kati ya mateso yote anayoweza kupewa seremala mstaafu, hakuna linalozidi hili: kukalishwa kwenye kochi, kikombe cha chai mkononi, huku juu ya kichwa chake mkwewe anapigilia misumari vibaya.

Mzee Randa alikuwa anateswa hivyo hivyo Jumatatu jioni. Jina la Randa alipewa na wenzake karakanani, kwa sababu ubao ukipita mikononi mwake, nzi akitua juu yake anateleza. Miaka arobaini alifanya kazi hiyo. Leo kakaa sebuleni, na huko darini Mwalimu, mume wa binti yake, mtu wa hesabu na chaki, anagonga. Ko, ko, ko, twa! Huo twa ndio uliomkata maini mzee. Msumari uliopata boriti hulia mzito. Uliokosa hulia mtupu, na huu ulikuwa wa nne kulia mtupu.

"Huo umekamata hewa," akanong'ona.

"Umesemaje, Baba?" binti yake akauliza kutoka jikoni.

"Nasema chai imekolea."

Sasa, mtu asidhani kwamba mzee alikuwa mkorofi tu. Alikuwa na lake la kumnyima raha. Paa la nyumba yake lilipoporomoka kwa mvua (naam, paa la seremala, na ole wako umtanie) alikwenda kwanza kuishi kwa mwanawe mkubwa. Kule kuna vigae hadi kwenye ngazi za nje, milango inajifunga yenyewe kwa adabu, na kila mzee aliponyanyuka kushika kitu aliambiwa, "Baba, kaa, pumzika." Mwezi mzima hakuna kitu kilichomhitaji. Alikonda kwa kupumzika! Basi akaomba kwenda kumsalimia binti yake siku mbili, na hizo siku mbili sasa zilikuwa na miezi mitano.

Kwa binti kulikuwa raha. Kitasa kinabaki mkononi, droo ya jikoni haifunguki bila kupigwa goti, na mlango wa uani una siri yake inayojulikana na watu watatu tu. Lakini alilala kwenye kochi. Chumba kimoja kilichobaki kilijaa maboksi: karatasi za mitihani za wanafunzi ambao sasa wana watoto wao, cherehani isiyo na gurudumu, kitanda cha mtoto ambaye yuko chuo kikuu na ana ndevu. Na chini kabisa, chini ya yote, sanduku la vifaa vya mzee, lililozikwa na binti kwa makusudi.

Jumapili mwana mkubwa alipiga simu. "Nakuja Jumamosi," alisema. "Nikimkuta Baba bado analala kwenye kochi, naondoka naye. Sibishani na mtu."

Ndipo Mwalimu akapata wazo lake. Darini kulikuwa na nafasi kubwa, ila aliyeijenga nyumba hakuwahi kuweka sakafu. Zilikuwa boriti tupu, na kati yake vibao vyembamba vya dari ambavyo ukivikanyaga mguu wako unatokea sebuleni. Tuweke mbao huko juu, alisema, maboksi yapande, Baba apate chumba. Wazo zuri sana, ila lilikuwa na kasoro moja, nayo ni Mwalimu mwenyewe.

"Nikusaidie, mwanangu," mzee alijaribu.

Mwalimu alishtuka kama mtu aliyetukanwa. "Mimi nikutume kazi wewe, Baba? Baba mkwe wangu? Nitamtazama nani usoni?"

Na binti, muuguzi wa macho makali ambaye hospitalini hata madaktari humwogopa, alimalizia kazi. "Baba, siku nikikuona kwenye ngazi, siku hiyo hiyo nampigia kaka simu. Usinijaribu."

Basi mzee akashika tama, akasikiliza misumari ikikamata hewa.

Jumanne asubuhi, geti lilipofungwa na wote wawili wakaenda kazini, alikaa dakika moja nzima akijifanya anasoma gazeti. Ya pili ikamshinda. Alivaa kofia yake, akapanda ngazi, akatoa kichwa kwenye tundu la dari. Loo! Ubao mmoja ulikuwa umeshikwa na msumari mmoja na huruma ya Mungu. Misumari mingine imelala kifudifudi, kana kwamba ilichoka njiani. Mzee aliing'oa kumi na moja, akainyoosha, akasogeza kila ubao mpaka ncha zake zikakaa katikati ya boriti, akaipigilia upya kwa nyundo ya Mwalimu. Saa tano alikuwa kwenye kochi, mikono imeoshwa, uso wa mtoto mchanga.

Jioni Mwalimu alipanda, kisha akaita, "Mke wangu! Hazitikisiki!" Akashuka anapangusa mikono. "Unajua, Baba, nadhani mkono umeanza kukubali."

"Kipaji hicho," alisema mzee, akizama ndani ya kikombe.

Jumatano ikawa hivyo hivyo. Mwalimu anaharibu jioni, mzee anatengeneza asubuhi. Hata ngazi ilianza kusimama vizuri. Mtu alikuwa ameipigilia vipande vya kandambili kuukuu miguuni isiteleze. Mzee alimsifu Mwalimu moyoni: angalau hilo amelijua. Ila wakati wa chakula cha usiku Mwalimu aliponyoosha mgongo akatangaza kwamba akimaliza dari ataunda makabati ya jikoni, mzee alipaliwa, akapigwa mgongoni na binti mara tatu.

Tatizo likabaki msumeno. Msumeno mkononi mwa Mwalimu ulikwenda kona kwa kona kama mbuzi anayekimbia mvua. Mwenyewe alikiri, akasema upande uliobaki atapeleka vipimo kwenye kiwanda cha mbao nyuma ya soko, wamkatie kwa mashine. Akapima, akaandika orodha kwa penseli kwenye kifuniko cha boksi, akaiacha darini.

Alhamisi mzee aliiona orodha hiyo. Mbao kumi na nane, na mbele ya kila moja: 120. Pembeni ililala tepu ya Mwalimu, na hapo roho ya mzee ikaruka. Tepu ile ilikatika kichwa zamani, inaanzia kumi. Ukipima mita moja inakwambia mita moja na sentimita kumi, na usipotoa hizo kumi kichwani mwako, umekwisha.

"Hajatoa," mzee akasema. "Wallahi hajatoa."

Alichukua tepu apime mwenyewe. Hapo hapo geti likalia. Binti karudi mapema! Kupima kulihitaji dakika kumi, na yeye alikuwa na moja. Akashika penseli. Mbili zote kumi na nane akazigeuza moja, 120 zikawa 110, kwa mwandiko wa Mwalimu kabisa, akateremka huku magoti yanalia. Binti aliingia akamkuta anasoma gazeti. Gazeti lilikuwa juu chini, na binti aliliona. Alimwondolea tu uchafu kwenye kofia, akaenda jikoni.

Kumbuka kwamba mzee huyu alishawahi kuwafukuza karakanani vijana watatu kwa kosa la kuamini namba ambayo hawakuipima.

Ijumaa jioni mbao zikaja, nyeupe, zinanukia. Mwalimu alizipandisha zote, akaweka wa kwanza. Ukasikika mburuzo, kisha kishindo. Ubao ulikuwa haufiki! Uliteleza kati ya boriti ukaangukia dari nyembamba, na vumbi la miaka ishirini likashuka ndani ya chai ya binti. Akajaribu wa pili. Akajaribu wa tatu. Kisha nyundo ikawekwa chini.

"Kuna nini huko?" binti akauliza.

Sauti ya Mwalimu ilishuka nyembamba kutoka kwenye tundu. "Fupi. Zote. Sentimita kumi." "Basi mpigie kaka yako, mke wangu. Mwambie aje tu amchukue Baba. Mimi nimeshindwa."

Mzee Randa alisikia neno moja moja. Moyo ulimuuma waziwazi, wala hakujidanganya kwamba ni vumbi lililomtoa machozi. Akinyamaza, kesho anapakiwa garini kwenda kwenye vigae, na mkwe anabaki na aibu isiyo yake. Akisema, basi yeye ni mzee mwongo anayepanda ngazi kwa siri na kuharibu kazi za watu. Nani atambakisha mtu wa hivyo? Njia zote mbili zilielekea kwa mwana mkubwa. Lakini mojawapo ilimwacha Mwalimu amekaa gizani juu ya boriti akijilaumu, na hiyo ilimshinda mzee.

Akaweka kikombe chini. Akaenda kwenye ngazi. Akapanda.

"Baba! Shuka!" binti akafoka.

"Sishuki. Wiki nzima napanda, nimeshazoea." Akafika juu, akakaa ukingoni mwa tundu, akamtazama mkwewe. "Mwanangu, hujakosea. Niliyeharibu ni mimi. Nilidhani hukutoa kumi ya tepu, nikabadilisha namba zako. Na misumari yako nimekuwa nikiing'oa tangu Jumanne. Nisamehe."

Mwalimu alikuna kichwa. "Hiyo ya misumari najua, Baba."

"Unajua?"

"Misumari yangu mimi hulala. Nilipanda Jumanne nikaikuta imesimama mistari kama watoto wa darasa la kwanza. Nikasema, mimi siwezi kumtuma Baba kazi, lakini nikiharibu vizuri na nikiacha nyundo mahali pake, atajituma mwenyewe. Hata yale makabati nilikuwa natega."

Mzee akavua kofia. "Na namba je? Hukuona?"

"Niliziona! Kiwandani kabisa, kifuniko mkononi. Nilikuwa nimetoa kumi, Baba, mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikaona mia na ishirini zimekuwa mia na kumi, nikasema, fundi amepima. Mimi ni nani nibishane na fundi?"

"Sikupima."

"Hukupima?"

"Nilisikia geti."

Wakatazamana. Alianza Mwalimu, kicheko cha kujizuia, mabega yanatikisika, kisha mzee naye kikamponyoka, na mbao kumi na nane fupi zikawasikiliza wanaume wawili wazima wakicheka mpaka wakashikilia boriti wasianguke sebuleni.

"Haya, chekeni," binti akasema kutoka chini, mikono kiunoni. "Kila siku nakuondolea utando wa buibui kwenye kofia, Baba. Ulidhani nadhani umetoka kwenye kochi? Na hizo kandambili miguuni mwa ngazi, unafikiri alizipigilia huyu mume wangu? Huyu?"

Mzee akainama kuitazama miguu ya ngazi.

"Sanduku langu liko wapi?" hatimaye akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nalitoa," alisema binti, akapotelea kwenye maboksi.

Jumamosi walianza asubuhi na mapema. Dawa ya sentimita kumi, mzee alisema, ni tano kwa tano. Ubavuni mwa boriti, kushoto na kulia, unagongelea ubao mwembamba wa unene wa sentimita tano. Boriti inanenepa, ubao mfupi unapata pa kulala. Ufa unaobaki katikati unauziba kwa kipande chembamba, na anayekuja kuuliza unamwambia ndiyo mapambo. Mzee alipima kwa tepu yake mwenyewe, yenye kichwa. Alipima kila kitu mara tatu, na Mwalimu hakuthubutu kutabasamu.

Walikuwa wamebakiza mbao sita honi ilipolia getini. Mwana mkubwa aliingia sebuleni na shati jeupe na funguo za gari mkononi, akaona kochi, mto juu yake na shuka lililokunjwa.

"Nilisemaje?" akamwambia dada yake. "Mto wa Baba si huo? Mwenyewe yuko wapi?"

Dada alinyoosha kidole juu.

Alipanda ngazi akiwa amekunja uso, akatoa kichwa kwenye tundu. Alimwona baba yake amepiga magoti juu ya sakafu mpya, penseli sikioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, anamfokea mwalimu mzima wa watu. "Nimekwambia shika wima! Wima ni hivi? Wanafunzi wako darasani wanakuelewaje wewe?" Na Mwalimu anasema ndiyo Baba, ndiyo Baba, uso umejaa furaha.

"Baba," mwana mkubwa akasema. "Nimekuja. Kwangu kuna chumba kikubwa, kina madirisha mawili. Una shida gani na kwangu?"

Mzee aliweka nyundo chini. Alimpenda mwanawe huyu, na hakutaka kumuumiza, lakini alikuwa amechoka kuwa na adabu.

"Sina shida na kwako, mwanangu. Ila kwako hakuna kilichoharibika."

"Huku kwetu, kaka, kila kitu kimeharibika," Mwalimu akaongeza kwa majivuno.

Mwana mkubwa alibaki pale, nusu ndani, nusu nje. Akaitazama sakafu, ile mistari iliyonyooka, akapitisha kiganja juu ya ubao polepole. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu.

"Mlango wa bafu kwangu unakwama, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa kule."

"Na mbona hukusema?"

"Niliona nitakuwa nakutuma kazi."

Mzee alimtazama huyu, akamtazama yule, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyezungukwa na heshima pande zote.

"Jumamosi ijayo nitakuja niuangalie," alisema. "Nikimaliza narudi nyumbani. Sasa weka hizo funguo, shika ncha hiyo, na angalia usikanyage kati ya boriti na boriti."