Ghala Lililokataliwa

Ghala la zamani la kiwanda cha sabuni lilikuwa na popo darini, paa lililotoboka kama chekecheo, na ngazi za mbele zilizochakaa kiasi kwamba hata mwenye afya zake alizipanda huku akiomba dua. Binti wa mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi wote walimwita Meneja, alikuwa amelichoka kupita maelezo. Mvua ikinyesha, alituma watu wakakinge maji kwa ndoo. Akileta mtu wa kulinunua, mtu huyo alitazama juu, akatazama chini, akaaga kwa adabu na hakuonekana tena.

Kwa hiyo baba yake alipoweka kijiko chini katikati ya chakula cha mchana na kutangaza kwamba anataka kutoa sadaka kubwa, Meneja alitega masikio.

"Wale askari waliojeruhiwa vitani," baba alisema. "Kituo chao kimekuwa kidogo. Wenzetu wale wameacha miguu na mikono yao huko ili sisi tulale. Nataka kuwapa ghala la zamani liwe ukumbi wao wa mazoezi."

"Lile lile la zamani, Baba?"

"Lile lile."

Meneja nusura ainuke ambusu kipara. "Mungu akuzidishie, Baba! Tena tusicheleweshe."

Mama, aliyekuwa akimenya chungwa, alimtazama mumewe, kisha akamgeukia binti yake. "Hivi mnawapa ghala, au mnawapa popo?"

Wote wawili wakajifanya hawakusikia.

Kesho yake baba alivaa suti. Kiwandani walimwita Mzee Povu, lakini kwa siri, na si kwa ajili ya sabuni tu. Hasira zake zilipanda haraka, zikashuka haraka vilevile. Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa mtulivu kama bwana harusi. Aliwakaribisha wageni wake nje ya ghala kwa mikono miwili.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Sajini, mwanamke mrefu aliyeendesha kituo kile. Bomu la ardhini lilikuwa limemkata mguu chini ya goti, na alitembea kwa mguu wa bandia bila kuuficha. Mwingine alikuwa Redio. Jeshini alikuwa fundi mitambo wa mawasiliano, na ingawa alirudi bila miguu yote miwili, mdomo wake haukuwahi kuzimika. Alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya ngazi, akatazama juu.

"Mzee," alisema, "na mimi nitaingilia wapi? Dirishani?"

"Vijana watakubeba!" Baba alijibu kwa ukarimu wote.

"Nimebebwa sana, Mzee. Nimebebwa kwenye machela, kwenye lori, mpaka mgongoni kwa mtu aliyekuwa akinitukana njia nzima kwa uzito wangu. Nilishaapa kwamba ile ya mwisho ndiyo ya mwisho."

Sajini alipanda peke yake. Aliingia, akazunguka polepole, akapiga kisigino sakafuni hapa na pale. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyobanduka, yenye mashimo na kokoto zilizochomoza. Alipotoka alisimama mbele ya baba, amenyooka kama yuko gwaride.

"Mzee, tunakushukuru kutoka moyoni. Ila hatulichukui."

"Hamlichukui?" Povu likapanda. "Mwanangu, hii ni sadaka! Siuzi mimi!"

"Najua. Ndiyo maana nimelisema taratibu."

Baba aligeuka akaenda zake ofisini, na mlango wa ofisi ukasikika mpaka kwenye mapipa ya mafuta. Meneja alibaki pale uso ukimwaka kwa aibu. Akaanza kuahidi hili na lile, tutaziba hapa, tutapaka rangi pale. Sajini akamwinulia kiganja.

"Dada, njoo kituoni kesho jioni. Vaa suruali usiyoionea uchungu. Ukiona sakafu tunaitakia nini, halafu ukaniambia tulichukue ghala hili, nitalichukua."

Meneja alikwenda, tena kwa furaha, maana alihesabu kwamba ameshashinda. Sakafu ni sakafu tu, alijisemea.

Kituo kilikuwa kwenye majengo yaliyowahi kuwa shule, na mazoezi yalifanyika katika darasa lililoondolewa madawati. Wavu ulikuwa umefungwa chini kabisa, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Wachezaji walikuwa wamevua miguu yao ya bandia na kuipanga ukutani kama viatu mlangoni, na wote walikuwa wameketi chini.

"Hii ni voliboli ya kukaa," Redio alimweleza, akiteremka kutoka kitini kwa mikono yake kama mtu anayeshuka kitandani. "Sheria ni moja tu ya kuumiza kichwa. Unapogusa mpira, makalio yasiachane na sakafu. Yakiachana, tunakudai pointi. Karibu upande wangu, dada, ili uwe na mtu wa kumlaumu."

Mpira wa kwanza ulimpita Meneja kabla hajajua ulipo. Wa pili alitaka kuuruka, na darasa zima likapiga kelele, "Makaliooo!" Wa tatu ulimtua usoni. Miguu yake, ambayo maisha yake yote alikuwa akiiona ni kitu cha msaada, sasa ilimpinga kila upande. Hakujua aiweke wapi. Wenzake walijisukuma kwa mikono wakateleza kama samaki majini, naye alikuwa akijikokota kama gunia lililovuja. Hakuwahi kushindwa vibaya namna hiyo mbele za watu, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka mpaka mbavu zikauma.

Walipopumzika ndipo alipomwona kijana mmoja akiinua kaptula kidogo. Paja lake lilikuwa limechubuka, damu mbichi juu ya makovu makavu. Sajini alilifuta kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, kisha naye akalifunga paja lake mwenyewe.

"Kila mara mnaumia hivi?" Meneja aliuliza.

"Sakafu hii inatula," Sajini alisema, bila kulalamika. "Wengine madaktari wamewakataza kuja. Wanakuja."

Meneja alijitazama. Suruali yake ilikuwa imepasuka nyuma, na ngozi chini yake ilikuwa ikiwaka moto. Na alikuwa amecheza kwa muda mfupi tu.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akibishana na nafsi yake. Lilikuwapo ghala jingine. Ghala jipya, lililokuwa halijapata hata mwaka, alilolisimamia mwenyewe tangu msingi. Lilikuwa na milango mipana, halina ngazi hata moja bali mteremko wa kusukumia mizigo, lina mabomba ya maji na vyoo, na sakafu laini kiasi kwamba mche wa sabuni ukiusukuma unakwenda mpaka ukutani. Alilijenga kwa ajili ya mitambo ya sabuni za kuogea. Kulifikiria tu kulimuuma.

Alifika nyumbani akitembea kama bibi kizee. Mama alipomwona nyuma, alishika mdomo asicheke.

"Baba," Meneja alisema, akiwa amesimama kwa sababu kukaa kulishindikana. "Tuwape ghala jipya."

Povu lilipanda mpaka darini. "Jipya! Lile uliloniimbia asubuhi na jioni mpaka nikaota ramani yake? Watu wamenirudishia sadaka yangu mkononi, halafu mimi niwaongezee?"

"Mitambo itakaa kwenye lile la zamani, Baba. Mitambo haichubuki. Paa tutaliziba, na popo niachie mimi."

"Na heshima yangu je?"

Hapo mama aliingia kati, kwa sauti ya upole. "Baba watoto, ulipokuja kwetu kuniposa, ulileta kikapu cha sabuni. Zilikuwa nzima au zilikuwa vipande vilivyokatika?"

Baba alikuna kipara. "Nzima."

"Za kufulia au za manukato?"

"Mke wangu, unajua kabisa zilikuwa za manukato."

"Najua. Ndiyo maana niko hapa."

Povu likashuka. Baba aliingia chumbani, na Meneja akaenda kulala kifudifudi.

Jioni iliyofuata baba alitokea kituoni bila suti. Hakusalimia watu wengi. Alivua viatu, akaketi kwenye sakafu ile mbaya, akasema, "Haya." Mpira ulimpiga kiparani, akabishana na mwamuzi, akadai pointi zisizo zake, akajisahau na kuinua makalio, akapigiwa kelele. Mwisho wa mchezo alishindwa kabisa kunyanyuka. Redio, aliyekwisharudi kwenye kiti chake, alimpa mkono akamvuta.

Baba alijifuta vumbi, akamwendea Sajini. "Lile la zamani nimelirudisha kwangu. Chukueni jipya. Na vifaa, na mtaalamu wa viungo, kiwanda kitagharamia. Nimezungumza na binti yangu. Au niseme ukweli, yeye ndiye aliyezungumza na mimi."

Sajini, ambaye sauti yake ilizoea kuamrisha uwanja mzima, aligeuka, akachukua pampu, akaanza kuujaza mpira.

"Sajini, mpira huo umejaa," Redio alimwambia.

"Najua umejaa. Nyamaza."

Baadaye, macho yake yalipokauka, aliuliza kama waandike jina la Mzee juu ya mlango. Baba alipunga mkono, akasema hayo si mambo yake, waandike kwa herufi ndogo. Alifika getini, akarudi. "Zisiwe ndogo sana, lakini."

Siku ya ufunguzi, wafanyakazi wa kiwanda walicheza na askari, wakachapwa vibaya sana. Wapakiaji wenye vifua kama milango waliteleza huku na huko wakikosa mpira, na kila kona ya ukumbi ilisikika ile kelele ya makalio. Yule kijana wa paja alicheza mchezo mzima bila kitambaa. Jioni ilipoingia hakuna aliyetaka kuondoka. Sajini alishika funguo na kutishia kuwafungia ndani, Redio akawa anawazungusha watoto wa wafanyakazi mapajani kwake, mmoja baada ya mwingine, wakipiga mayowe.

Katikati ya zogo hilo mama alivua viatu vyake vya sherehe, akaviweka ukutani kando ya miguu ya bandia, akakunja gauni, akajishusha sakafuni taratibu huku baba akimsihi asijivunje.

"Wewe kaa pembeni," alimwambia. Kisha akawageukia askari. "Nani ananianzishia mpira?"