Hotipoti ya Mwewe

Baba yangu alikuwa dereva wa kreni, na kwa hiyo ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyewahi kuwa juu ya wengine. Kila asubuhi alipanda ngazi za chuma hadi kwenye kibanda cha vioo kilichoning'inia juu ya jengo lisiloisha, akakaa humo mpaka jioni akiinua nondo na zege. Huko chini walimwita Mwewe. Nyumbani tulimwita Baba. Kliniki, nesi alimwita "yule mzee wa sukari."

Balaa lilikuwa kwenye jina hilo la mwisho. Sukari yake ilipanda na kushuka kuliko yeye mwenyewe, na kampuni ilikuwa imetangaza kuwapima afya madereva wote mwisho wa mwezi. Ambaye sukari yake ingekutwa imechafuka asingepanda tena, kwa sababu mtu akizirai kule juu hadondoki peke yake, anadondoka na mzigo.

Niliporudi likizo kutoka bweni nilikuta nyumba yetu imegeuka wodi. Nesi alikuwa ametoa amri, na Mama amezipokea kama askari. Mtu asitoke asubuhi na njaa. Mchana nusu ya sahani iwe mboga za majani, kisha yai au maharage, na wali kidogo, usiwe mlima. Tunda lichukue nafasi ya keki. Na maji, maji, maji. Soda ilifukuzwa nyumbani bila hata kupewa nafasi ya kujitetea.

"Mama, haya maharage si nimeyaacha shuleni jana?"

"Ya shule ni adhabu. Haya ni dawa. Kula."

Mama ni fundi cherehani, na kupima kumo kwenye damu yake. Alipima wali wa Baba kama anayekata shingo ya gauni la bibi harusi. Aliamka kungali na giza, akapika, akapanga kila kitu kwenye hotipoti. Kazi ya kuipeleka mchana nikapewa mimi, kwani mtoto aliye likizo huhesabiwa kuwa hana sababu nyingine ya kuishi.

Hotipoti nilimkabidhi Mbavu, mtu wa ishara, yule anayesimama chini ya kreni na kumwelekeza dereva kwa mikono na redio. Yeye alipaswa kuitia kwenye ndoo, Baba aivute kwa kamba. Jioni ilirudi imelambwa mpaka inang'aa. Mama alifurahi. Mimi nilipatwa na wasiwasi mkubwa. Baba hajawahi kumaliza mboga za majani tangu azaliwe, na Bibi yupo hai, atatoa ushahidi.

Nikaamua kufanya uchunguzi wa kisayansi. Nilitwanga pilipili, zile ndogo zenye kisirani, nikazizika ndani ya maharage. Mchana nikamwamkia Mbavu kwa adabu zote, nikamwachia hotipoti, kisha nikajificha nyuma ya rundo la mbao.

Mbavu hakuitia hotipoti yetu kwenye ndoo. Badala yake alitia humo chupa ya soda na keki, akatikisa kamba, ndoo ikapaa. Halafu akaketi juu ya mfuko wa saruji, akafumba macho, akashukuru, akafungua chakula cha baba yangu.

Kijiko cha kwanza kiliingia. Cha pili hakikufika.

"Mamaaa! Nimeungua!"

Nikachomoka. "Mwizi wewe! Unamwibia mgonjwa!"

"Mwizi nani, we mtoto?" Ulimi ulikuwa nje, machozi yanamtiririka. "Muulize baba'ako! Yeye ndiye aliyenibembeleza nikile!"

Nikamuuliza jioni ileile, mbele ya Mama. Baba hakukana.

"Kwa hiyo," Mama alisema taratibu, "siku zote hizi namlisha Mbavu."

"Ana afya nzuri sana," nikachangia.

"Wewe funga mdomo."

Baba aliitazama mikono yake. "Mama watoto, umewahi kusikia kule juu kuna choo?"

Mama akaketi kwenye kiti cha cherehani.

"Hayo maji mnayonijaza, nikayamwage wapi? Nikishuka na kupanda tena, zege linaanza kuganda, watu wote wamesimama wananingoja mimi niliyekwenda haja. Msimamizi ananitangaza kwenye redio, jengo zima linasikia. Na maharage je? Ndani ya kibanda cha vioo? Nikinywa soda moja na kula keki, nafika jioni bila kushuka."

"Na chupa tupu je?" niliuliza, kwa faida ya elimu.

"Nilijaribu, nikaimwaga dirishani. Upepo ukageuka. Fundi bomba hanisalimii mpaka leo."

Nilicheka peke yangu. Mama alikuwa hajaondoa macho usoni pa Baba. "Sasa kwa nini hukumwambia nesi?"

"Aliniuliza nakula nini. Hakuniuliza nakulia wapi."

Hata hivyo Baba alijaribu, kwa ajili ya Mama. Kesho yake alikula chakula chote, akanywa maji, akashuka. Wenzake wakampigia makofi. Siku iliyofuata wakampigia miluzi. Siku ya tatu alimkuta msimamizi mwenyewe anamsubiri chini ya ngazi.

"Mwewe, wewe ni dereva au mjamzito?"

Watu walicheka hadi wakashika matumbo. Mbavu alicheka kuliko wote, na tumbo lenyewe lilikuwa limenenepeshwa na mama yangu. Baba alipita, akaenda chooni, akarudi, akapanda. Jioni iliyofuata hotipoti ilirudi inang'aa tena.

Mama aliiosha, akaianika. Alfajiri nikamsikia jikoni anakatakata mboga.

"Mama, si unajua anayekula ni Mbavu?"

"Najua. Lakini nikiacha kupika, nitakuwa nimekubali."

Mwisho wa mwezi ukafika. Walimtoa damu kidoleni, wakaitazama mashine, wakamtoa tena kwenye kidole kingine, labda wakidhani kidole cha kwanza kina kinyongo naye. Vidole vyote vilisema jambo lilelile. Kreni akapewa kijana mmoja mwembamba. Baba hawakumfukuza. Walimpa kiti getini, kivuli, na kazi ya kufungua na kufunga. Choo kilikuwa nyuma ya kiti.

Sasa anakula kwa wakati. Mboga anazimaliza, anakunywa maji mpaka chupa inalia. Kizunguzungu kilichokuwa kikimshika saa nne hakipo tena, jioni harudi amelegea kama nguo mbichi, na mkanda wake Mama ameutoboa tundu jipya. Msimamizi akipita getini humwita "mzee." Jina la Mwewe hawakumpa yule kijana. Limekufa tu.

Tulimsindikiza kliniki kabla sijarudi shule. Nesi alitazama kipimo akaruka kwa furaha.

"Mzee! Imetulia kabisa! Hebu simama uwaambie wenzako hapa, umefanyaje?"

Benchi zima likageuka. Baba akasimama, kofia mkononi.

"Walinitoa kwenye kreni," akasema.

Nesi alingoja mengine, kalamu juu. Hayakuja. Baba akaketi. Nesi akaanza kupiga makofi, na wagonjwa, kwa kuwa ni watu wenye adabu, nao wakapiga. Mama mikono yake ilibaki juu ya mkoba.