Kipande Kimoja Kimoja

Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, aliuchagua mkahawa ule wa Kithai kwa hila. Alidokezwa na mteja wake kwamba pale unaletewa jiko la mkaa mezani, nyama mbichi na tambi, halafu unajipikia mwenyewe. Chakula cha kujipikia hakiliwi chapchap, na Cheche alihitaji muda mrefu mezani. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa na miezi minne kwa dada yake, na leo ndiyo kwanza amekubali kuonana naye. Ombi la Cheche lilikuwa moja tu: arudi nyumbani.

Mwenye mkahawa, mama wa Kithai asiye na muda wa kupoteza, akawaelekeza huku akionyesha karai la chuma lililotuna katikati, juu ya jiko.

"Nyama juu, kwenye mgongo wa chuma. Mafuta yanashuka kwenye mchuzi, huku pembeni. Tambi zinaiva humo humo."

"Mama, usihofu. Mimi na moto ni ndugu wa tumbo moja," Cheche akajitapa.

"Ndugu gani kakuunguza nyusi zote mbili?" mkewe akamchokoza.

Moyo wa Cheche ukaruka. Mke anayekutania, akajiambia, hajakutupa.

Akaweka kipande cha nyama ya ng'ombe. Kimoja. Kikachuruzika mafuta, kikaiva, akamtilia bakulini. Akaweka kingine. Harufu ya mchaichai ikapanda na mvuke, na katikati ya mvuke ule vidole vyake vigumu vikateleza taratibu hadi kwenye kidirisha cha jiko, vikakifunga. Mkaa ukaanza kufifia.

"We Cheche. Umelizibia jiko hewa."

"Moto mkali unaharibu nyama."

"Mdanganye asiyekujua. Unataka tukae."

Fundi akakuna kisogo. "Nataka tukae. Hata mpaka watufagilie miguuni."

Mwalimu akaweka chini vijiti vya kulia.

"Siku mama yangu anakata roho nilikupigia simu mara tano. Kila nikipiga, 'Nakuja, namalizia bawaba.' Bawaba, Cheche! Mama anauliza mkwe wake yuko wapi, mimi namwambia yuko njiani."

Yale maneno aliyoyakariri Cheche tangu asubuhi mbele ya kioo yakamkimbia. Likabaki moja.

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani."

Cheche akainua uso kama mtoto aliyeitwa jina wakati wa kugawa zawadi. Mkewe akauona uso ule, akaumia, lakini hakurudi nyuma.

"Ila nyumbani sirudi. Kila utakaponiambia unakuja, nitamwona mama ameukodolea macho mlango. Siwezi, mwenzangu. Nimejaribu mpaka nimekonda."

Mkewe akachota tambi, akagawa bakuli mbili sawasawa, akakamua ndimu juu ya zote mbili.

"Kula basi, zisije zikavimba."

Wakala wameinamisha vichwa. Zilikuwa tamu, na hilo likamchoma Cheche zaidi.

Mwenye mkahawa akapita. "Niwaongezee mkaa?"

Mkewe alikuwa ameshashika mkoba, akifikiria namna ya kujibu.

"Hapana, mama, tumeshiba," Cheche akawahi kusema, ili mkewe asilazimike. Nusu ya nyama ilikuwa bado mbichi sahanini.